Saa Mbili Ndani ya Swichibodi Moja

Neno saa limebebeshwa mzigo mkubwa katika lugha yetu. Ni chombo kinachoangikwa ukutani au kuvaliwa mkononi. Ni muda wa dakika 60. Na tena ni jibu la mtu anayeulizwa wakati. Mafundi wa simu wameliongezea mzigo wa nne. Kwao, saa ni kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya mtambo, kisicho na uso wala mishale, ambacho hakijui kama sasa ni asubuhi au usiku. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kupiga mapigo yaliyo sawasawa, mamilioni kwa sekunde, ili sehemu zote za mtambo ziende kwa hatua moja.

Swichibodi ya ofisi, yaani mtambo unaounganisha simu za ndani za shule, hospitali, hoteli au kiwanda na simu za nje, ina saa za namna zote mbili: ile inayotaja wakati na ile inayopiga mapigo. Watu wengi huifahamu ya kwanza tu, kwa kuwa huiona kwenye kioo kidogo cha simu. Lakini kila moja yaweza kukosea peke yake, na kila moja ina namna yake ya kuleta hasara. Ndiyo maana fundi akiambiwa kwamba "saa ya swichibodi imeharibika", swali lake la kwanza huwa: ni ipi?

Ili maelezo yetu yasielee hewani, na tuchague mahali. Kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, karibu na magofu ya Kaole, kuna Mbegani, ambako mafunzo ya uvuvi na kazi za baharini yamekuwa yakitolewa kwa miongo mingi. Tuseme kwamba hapo pana ofisi yenye simu za ndani 60, na swichibodi yake imeungwa na kituo kikuu cha simu cha mjini, na vilevile na ofisi ya wenzao iliyoko Dar es Salaam. Ofisi hii ni ya mfano tu, lakini bahari, joto, umbali na jua la mahali hapo si vya mfano.

WAKATI WA JUA NA WAKATI WA WAYA

Kabla ya waya kufika pwani, kila mji ulikuwa na wakati wake, na hapakuwa na ubaya wowote. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi moja kwa kila dakika 4. Bagamoyo ipo karibu nyuzi 38.9 mashariki mwa Greenwich, mji wa Zanzibar karibu 39.2, na Dar es Salaam karibu 39.3. Mwanafunzi ataona mara moja kwamba jua hufika utosini Zanzibar kama dakika moja na zaidi kidogo kabla ya kufika utosini Bagamoyo, na Dar es Salaam kama dakika moja na nusu kabla. Nahodha wa jahazi hakujali dakika moja na nusu. Mwadhini naye alilitazama jua la mahali pake, na alikuwa na haki.

Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, na mwaka 1890 waya mwingine uliiunga Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam. Tangu hapo habari iliweza kuvuka maji kwa muda mfupi kuliko tofauti ya saa za miji yenyewe. Jambo hili lilikuwa jipya kabisa. Ujumbe ulioandikwa Zanzibar kwa saa ya huko uliweza kupokewa Bagamoyo kabla ya wakati ulioandikwa juu yake! Watu walipoanza kuzungumza kwa haraka kuliko jua linavyotembea, ilibidi wakubaliane juu ya saa moja.

Makubaliano hayo hayakupatikana siku moja. Kenya, mathalani, mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa ikitumia wakati ulio mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Leo Afrika Mashariki hutumia saa 3 kamili mbele ya Greenwich, wakati ambao kwa haki ni wa mstari wa nyuzi 45, mstari unaopita mbali baharini mashariki kwetu na kuikata Madagaska. Kutoka mstari huo hadi Bagamoyo ni nyuzi 6.1, nazo ni dakika 24 na sekunde chache. Kwa hiyo saa ya ukutani Bagamoyo inaposema ni saa 6 kamili mchana, jua, kwa wastani wa mwaka, bado lina dakika 24 za kupanda. Mwalimu mwenye kijiti kilichonyooka na uwanja ulio tambarare anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili, akikumbuka kwamba kivuli kifupi kabisa husogea mbele au nyuma ya wastani kwa hadi robo saa hivi, kwa kufuata majira ya mwaka.

Liko jambo jingine linalowahusu wasemao Kiswahili. Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na tena linapotua. Hesabu hii ni ya busara kwa watu wakaao karibu na ikweta, kwani Bagamoyo tofauti kati ya siku ndefu kabisa na siku fupi kabisa haifiki saa nzima. Mitambo ya simu, hata hivyo, huhesabu kutoka usiku wa manane, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Kati ya hesabu hizi mbili pana tofauti ya saa 6. Katika mazungumzo ya kila siku akili zetu huvuka tofauti hiyo bila kujikwaa. Katika daftari la kazi, mambo ni mengine.

Fikiri kwamba mashua ya wavuvi imezimikiwa na injini katika mlango bahari kati ya bara na Unguja. Nahodha anapiga simu Mbegani kueleza mahali alipo, na mpokeaji anaandika "saa 3:10" katika karatasi. Mkondo wa maji unakwenda kaskazini kwa kasi ya mafundo 3, yaani maili 3 za bahari kwa saa. Ikiwa saa ya swichibodi inakosea kwa dakika 6 tu, mahali pa kuanzia kuitafuta mashua pamehama kwa maili 0.3, zaidi ya mita 550. Usiku, mita 550 ni mbali. Na ikiwa msomaji wa karatasi ile amechanganya saa 3:10 ya Kiswahili na 03:10 ya mtambo, kosa ni la saa 6 nzima, na mashua itakuwa imehesabiwa kuwa imesukumwa maili 18, karibu kilomita 33, umbali unaokaribia upana wa mlango bahari wenyewe. Hapa hakuna fundi awezaye kusaidia. Dawa ni kuandika saa kwa mtindo mmoja uliokubaliwa na wote, na kutia neno asubuhi, mchana au usiku pasipo uvivu.

Saa hii ya kutaja wakati ina kazi nyingine pia katika swichibodi. Ndiyo inayoandika kila simu ilianza lini na ilikwisha lini, ili gharama zijulikane. Ndiyo inayohamisha simu za nje jioni, kutoka kwa mpokezi hadi kwa mlinzi wa zamu. Ikichelewa kwa nusu saa, basi kwa nusu saa kila jioni simu zitalia katika chumba kisicho na mtu.

BARUA YA KWENDA NA KURUDI

Namna gani swichibodi ya Mbegani itaisahihisha saa yake kwa kufuata saa iliyo bora ya Dar es Salaam? Mtu atasema: iulize ni saa ngapi. Lakini swali huchukua muda kufika, na jibu huchukua muda kurudi, na jibu linapofika limekwisha chakaa. Ishara ya redio kutoka London, umbali wa kilomita 7,500 hivi, hutufikia baada ya sehemu 25 za elfu za sekunde, hata kama ingesafiri moja kwa moja. Mazungumzo yanayopitia setilaiti iliyosimama juu ya ikweta, kilomita 36,000 kutoka ardhini, hupanda na kushuka kwa robo sekunde karibu. Katika mtandao wa kompyuta ni vigumu zaidi, kwa kuwa safari moja yaweza kuwa ya haraka na ifuatayo ikakwama njiani.

Njia iliyobuniwa ni rahisi hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kuifanyia hesabu. Tuitazame kwa mfano wa barua. Mjumbe anaondoka Mbegani na barua saa 2:00 asubuhi kwa saa ya Mbegani. Anafika Dar es Salaam, na ofisi ya huko inaandika juu ya barua: imefika saa 3:50 kwa saa ya Dar es Salaam. Jibu linaondoka saa 4:00 kwa saa hiyohiyo, na mjumbe anarudi Mbegani saa 5:10 kwa saa ya Mbegani.

Kwa saa ya Mbegani, mjumbe hakuwapo kwa saa 3 na dakika 10. Kati ya hizo, dakika 10 alikaa Dar es Salaam. Kwa hiyo safari zote mbili zilichukua saa 3, na tukichukulia kwamba kwenda ni sawa na kurudi, kila moja ilichukua saa 1 na nusu. Basi alipofika Dar es Salaam, saa ya Mbegani ilikuwa ikisema saa 3:30. Saa ya Dar es Salaam ilisema 3:50. Mbegani wamechelewa kwa dakika 20, nao wamelijua hilo bila mtu yeyote kujua mapema muda wa safari.

Uzuri wa njia hii, na udhaifu wake pia, umo katika maneno "kwenda ni sawa na kurudi". Kila asafiriye kwa basi kutoka Bagamoyo anaijua foleni ya asubuhi ya kuingia mjini. Tuseme kwenda kulichukua saa 2 na kurudi saa 1. Mjumbe aliingia Dar es Salaam saa 4:00 kwa saa ya Mbegani, na huko ilikuwa 3:50. Kumbe Mbegani hawakuchelewa hata kidogo. Wametangulia kwa dakika 10! Hesabu yetu imekosea kwa dakika 30, nazo ni nusu ya tofauti kati ya safari mbili. Kanuni hii ni ya jumla, na hakuna ujanja wa hesabu uwezao kuiondoa kwa barua moja. Kinachofanyika ni kupeleka barua nyingi, kuziamini zaidi zile zilizosafiri haraka (kwa kuwa hazikukutana na foleni), na kuuliza ofisi zaidi ya mbili, ili mwenye saa mbovu ajulikane kwa kupingana na wengine.

Mwenye kuitengeneza njia hii kwa ajili ya kompyuta alikuwa Mmarekani David Mills, aliyefariki mwaka 2024. Kanuni zake za kwanza zilichapishwa mwaka 1985, na swichibodi nyingi za leo huzitumia. Badala ya saa na dakika, barua zake husafiri kwa sehemu za elfu za sekunde. Kwa kazi ya kutaja wakati, usahihi huo unatosha na kubaki.

Kwa saa ya pili, hautoshi hata kidogo.

MAPIGO

Sauti ya mtu ni mawimbi ya hewa, na kinasa sauti cha simu huyageuza kuwa mawimbi ya umeme. Simu za zamani ziliyapeleka mawimbi hayo jinsi yalivyo. Simu za tarakimu huyapima kwanza. Kwa kuwa njia ya simu imewekewa mpaka chini ya mawimbi 4,000 kwa sekunde, na kwa kuwa hisabati inadai kila wimbi lipimwe angalau mara mbili ili lisipoteze umbo lake, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 8 za 0 na 1, ziitwazo biti. Mazungumzo ya mtu mmoja basi ni biti 64,000 kwa sekunde kwa kila upande.

Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata kuna nafasi ya maikrosekunde 125, yaani sehemu 125 za milioni za sekunde. Wahandisi hawakupenda nafasi hiyo ipotee bure. Katika waya uleule huingiza vipimo vya mazungumzo mengine, kimoja baada ya kingine, mpaka linapatikana fungu la nafasi 32: nafasi 30 za mazungumzo, moja ya kuonyesha mwanzo wa fungu, na moja ya habari za nani anampigia nani. Mafungu 8,000 yenye nafasi 32 za biti 8 ni biti 2,048,000 kwa sekunde. Kiungo cha namna hii kati ya swichibodi ya ofisi na kituo kikuu kilienea kwa miongo mingi katika sehemu kubwa ya ulimwengu, nasi tukiwamo, na katika ofisi nyingi bado kipo.

Sasa tazama shida. Kituo kikuu kinatuma biti kwa mapigo ya saa yake. Swichibodi inazipanga na kuzigawa kwa mapigo ya saa yake. Je, saa hizo mbili zikitofautiana kwa kiasi kidogo tu?

Twende kwenye banda la kupakia samaki. Mtu mmoja anaweka samaki juu ya meza, mwingine anawachukua na kuwapanga katika makasha. Kila mmoja anafanya kazi kwa mwendo usiobadilika, lakini wa kwanza ana mwendo mkubwa kidogo. Kwa muda mrefu hakuna anayeona lolote, kwa maana meza ndiyo inayoficha tofauti. Kidogo kidogo meza inajaa. Siku inapojaa, hakuna budi samaki aanguke. Mwendo ukiwa kinyume, meza itakuwa tupu, na mpangaji atanyoosha mkono asipate kitu. Mtambo una meza kama hiyo, ambayo ni kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi mafungu. Ikijaa, fungu zima hutupwa. Ikiwa tupu, fungu lililopita hurudiwa mara ya pili. Tukio hili tuliite mtelezo.

Muda kati ya mtelezo na mtelezo hupatikana kwa kugawa maikrosekunde 125 kwa tofauti ya saa mbili. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kiungo hiki kupotoka kwa sehemu 50 kwa milioni. Kiasi hicho chaonekana kidogo. Lakini 125 gawanya kwa 50 ni 2.5: mtelezo mmoja kila sekunde mbili na nusu, na kwa siku moja mitelezo 34,560. Kanuni hizohizo, zinapoeleza simu ndefu ya kimataifa iliyo nzuri, hutaka mitelezo isizidi 5 kwa siku. Kwa hiyo saa ambayo ni halali kabisa kwa kupeleka biti si halali kwa kuzipanga. Wanaoweka mitambo kwa haraka hulisahau jambo hili, na mtambo huwaka taa zote za kijani.

Hasara ya mtelezo hutegemea kilichomo ndani ya nafasi. Mzungumzaji hupoteza kipimo kimoja kati ya 8,000. Atasikia labda mlio mdogo, kama ukucha kwenye bati, na sikio husamehe. Faksi haisamehi. Alama zake zimejengwa juu ya mfuatano wa mawimbi, na fungu likitoweka mfuatano hukatika, mistari kadhaa ya karatasi hupotea. Ikiwa karatasi hiyo ni hesabu ya samaki waliouzwa, au maelezo ya dawa ya mgonjwa, mistari iliyopotea yaweza kuwa ndiyo yenye namba, na mpokeaji asijue kwamba palikuwa na kitu. Modemu huchanganyikiwa na kuanza upya mapatano yao. Mazungumzo yaliyofungwa kwa siri huweza kugeuka kelele tupu mpaka funguo zipatanishwe tena. Jambo la kuchosha ni kwamba mwenye simu atasema "simu ni nzima, faksi ndiyo mbovu", faksi itabadilishwa, na kosa litabaki palepale.

NANI ANAMFUATA NANI

Dawa yake inajulikana vizuri Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981. Wapigaji wa ngoma watano hawawezi kupatana kwa kila mmoja kuhesabu moyoni mwake. Iko ngoma ndogo ya kushika mwendo, na wote huisikiliza hiyo. Katika simu, kituo kikuu hushika mwendo, na swichibodi haitumii saa yake huru. Huyasoma mapigo kutoka katika biti zenyewe zinazoingia, ikajirekebisha kwayo. Meza haijai tena wala haiwi tupu, si kwa sababu saa ya kituo ni sahihi mno, bali kwa sababu pande zote mbili zinatumia saa moja. Hata kiongozi akichelewa kidogo, wote huchelewa pamoja.

Kiongozi naye ana kiongozi wake. Juu kabisa huwekwa saa ya atomu za sesiamu. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu hizo. Saa za namna hii hukosea kwa si zaidi ya sehemu moja katika bilioni mia moja. Mitandao miwili, kila mmoja ukiwa na saa yake ya daraja hilo, mmoja ukitangulia na mwingine ukichelewa kwa kiasi chote kilichoruhusiwa, itapata mtelezo mmoja kwa siku 72. Mwanafunzi aihakikishe hesabu hii mwenyewe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na setilaiti za GPS, ambazo kila moja hubeba saa za atomu. Kipokezi huhitaji setilaiti nne kwa sababu kina mambo manne kisiyoyajua: vipimo vitatu vya mahali kilipo, na kosa la saa yake. Wavuvi huzitumia kujua mahali. Watu wa simu huzitumia kujua wakati. Hesabu ni ileile.

Sasa turudi Mbegani, maana swichibodi yetu ina viungo viwili: kimoja cha kituo cha simu, kingine cha ofisi ya Dar es Salaam. Ifuate kipi? Tuseme fundi wa Mbegani ameiagiza ifuate Dar es Salaam, na fundi wa Dar es Salaam, bila kuulizana, ameiagiza ya kwake ifuate Mbegani. Kila mtambo unaonyesha kwamba umempata kiongozi. Hakuna king'ora kinacholia. Lakini hakuna anayeongoza.

Wataalamu wa vipimo duniani wana hadithi juu ya kosa hili, na wameipa jina la Zanzibar. Nahodha mmoja mstaafu, husimuliwa, alikaa kisiwani na kila siku adhuhuri alipiga mzinga. Mgeni akamwuliza ajuaje kwamba ni adhuhuri. Nahodha akajibu kwamba saa yake huisahihisha kwa fundi saa wa mjini, mtu makini sana. Mgeni akaenda kwa fundi saa, akamwuliza yeye husahihisha kwa nini. "Kwa mzinga wa nahodha," akajibu, "haujapata kukosea hata siku moja." Ni hadithi tu, lakini mitambo ya simu huitenda kweli. Saa mbili zilizofungwa katika duara kama hilo hupatana kikamilifu, kisha husogea pamoja, mbali na saa za ulimwengu mwingine, na mitelezo hutokea kwenye kiungo cha kituo kikuu ambako hakuna aliyeshuku. Kwa hiyo kila ofisi yenye zaidi ya kiungo kimoja yapaswa kuchora karatasini mishale ya nani anamfuata nani. Mshale ukirudi ulikotoka, kosa limepatikana kabla ya mtambo kuwashwa.

Kiungo cha kiongozi kikikatika, swichibodi hushika kiongozi wa akiba aliyeandikwa. Asipokuwapo, huendelea na fuwele yake ya kwatzi, ikijitahidi kukumbuka mwendo wa mwisho. Hapo ndipo pwani inapoonyesha ukali wake. Mwendo wa fuwele hubadilika kwa joto. Umeme ukikatika, feni na mashine ya kupooza hewa husimama ilhali swichibodi inaendelea kwa betri, chumba hupanda joto, na fuwele huanza kutangatanga wakati uleule ambapo haina wa kuifuata. Chumvi ya hewa ya bahari nayo hula viungio vya waya, na kiungo chenye kutu hukatika na kurudi, kukatika na kurudi, kila mara kikimbadilisha kiongozi. Kwa maoni yangu, katika ofisi ya pwani, chumba kikavu chenye dirisha lililowekwa upande wa kivuli ni sehemu ya mtambo wa saa sawasawa na fuwele yenyewe.

Simu mpya za ofisi zinazopita katika mtandao wa kompyuta zimeliondoa fungu la nafasi 32, na wauzaji wengine husema zimeondoa tatizo. Si hivyo. Simu ya mezani hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde kwa fuwele yake, na simu ya upande wa pili huitoa sauti kwa fuwele yake nyingine. Vifurushi vya sauti, kwa kawaida vyenye vipimo 160 kila kimoja, hungojea katika meza ileile tuliyoiona bandani. Fuwele zikitofautiana kwa sehemu 50 kwa milioni, vipimo 0.4 huzidi kila sekunde, na kifurushi kizima huzidi kila baada ya sekunde 400. Tofauti ni kwamba meza sasa ni kubwa, na programu huchagua kimya cha kati ya maneno ili kuangusha samaki wake pasipo kuonekana.

Mwalimu apendaye kulijaribu hili darasani hahitaji swichibodi. Achukue saa tatu au nne za ukutani za betri, na asitumie simu za mkononi kama vitu vya kupimwa, kwani nyingi hujisahihisha zenyewe kutoka mtandaoni. Hizo zitumike kama kiongozi. Saa za ukutani zote zipangwe sawa na kiongozi kwa sekunde. Wanafunzi waandike tofauti ya kila saa kila asubuhi kwa siku 20, pamoja na joto la chumba. Kukosea kwa sekunde moja kwa siku ni sehemu 11.6 kwa milioni. Kisha saa moja ihamishiwe chini ya paa la bati, nyingine ibaki kwenye kivuli, na vipimo viendelee kwa siku 20 nyingine. Kila kundi litafute tofauti kati ya saa zake mbili, ligawe 125 kwa tofauti hiyo, na kuandika ubaoni: lau hizi zingekuwa saa za swichibodi mbili zisizo na kiongozi, mtelezo ungetokea kila baada ya sekunde ngapi?